Wati, Wati-saa na Ampea-saa: Kuijua Betri Kabla ya Kuilipia

Ukinunua mafuta ya boti pale gatini, huulizi hospawa ya injini ili ujue kama utafika Faza. Unauliza lita. Hospawa inakwambia injini inasukuma kwa nguvu gani. Lita zinakwambia itasukuma mpaka wapi. Kwenye umeme mambo ni hayo hayo, ila madukani vipimo hivi viwili huuzwa vikiwa vimechanganywa. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, huandikwa wati, betri huandikwa ampea-saa, pawabenki huandikwa miliampea-saa, na tokeni za stima huja kwa uniti. Dawa yake ni moja: kila namba irudishe kwenye wati-saa kwanza, kisha ndipo ujumlishe, ulinganishe au ubishane na mwenye duka.

Vipimo vyenyewe

Volti ni msukumo. Stima ya gridi Kenya ni volti 240, betri ya gari au ya sola ndogo ni 12, USB ya kawaida ni 5, na seli moja ya simu ni kama 3.7 au 3.85. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya wakati huo. Zidisha volti kwa ampea upate wati, na wati haina muda ndani yake: balbu ya wati 9 ni ya wati 9 ikiwaka dakika moja, na ni ya wati 9 ikikesha. Ikiwaka saa 5 imekula wati-saa 45. Wati-saa 1,000 ni kilowati-saa moja, na hiyo ndiyo uniti ya kwenye tokeni. Hapa tunazidisha, hatugawi. Maneno “kilowati kwa saa” yanasikika kila mahali na ndiyo yanayowavuruga wengi wanapoanza kupiga hesabu.

Ampea-saa ndiyo yenye mtego mkubwa, kwa sababu haina volti ndani yake. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ni ampea-saa 20. Betri ya gari dogo ni ampea-saa 60. Mtu anaweza kudhani pawabenki tatu ni sawa na betri moja ya gari. Zidisha kwa volti uone: 20 mara 3.7 ni wati-saa 74. 60 mara 12 ni wati-saa 720. Betri ni karibu mara kumi ya pawabenki moja, si mara tatu. Kanuni ya kukariri ni hii tu:

wati-saa = ampea-saa × volti

Kwa miliampea-saa, gawa kwanza kwa 1,000.

Hatua ya kwanza: pima unachotumia

Anza na kibao kidogo nyuma au chini ya chombo. Vitu vinavyovuta kwa kiwango kimoja, kama balbu, pangaboi, ruta na king'amuzi, unaweza kuzidisha wati za kibao kwa saa na ukawa karibu na ukweli. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa 10 za usiku wa kaskazi linakula wati-saa 700. Hilo huwashangaza watu, maana huliona dogo kuliko pasi. Pasi ya wati 1,000 inayotumika robo saa imekula 250 tu, au pungufu, kwa sababu hujizima yenyewe ikishapata moto.

Birika la umeme ni mfano mzuri wa kutofautisha kasi na kiasi. Linavuta wati 2,000, lakini lita moja ya maji ya joto la kawaida la huku huchemka kwa kama dakika tatu. Kimahesabu, kupandisha lita moja kutoka nyuzi 28 hadi 100 kunahitaji wati-saa 84. Pamoja na joto linalopotea, hesabu 100. Uniti moja ya tokeni ni lita kumi za maji ya chai. Kwa stima ya gridi si gharama ya kutisha. Kwa betri ya volti 12 ni balaa, na sababu si wati-saa: kutoa wati 2,000 kupitia inveta kunaidai betri ile karibu ampea 195 kwa mkupuo. Vituo vya betri, pale waya zinapoungwa, na waya nyembamba huchemka kabla ya maji.

Friji na friza hazipimiki kwa kibao, kwa sababu kompresa huwaka na kujizima. Hapa tumia mita ya stima. Karibu mita zote za kisasa zina kitaa chekundu kinachomweka, na kando yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni mimweko mingapi hutimiza uniti moja. Zima kila kitu, acha chombo kimoja tu, kisha hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko:

1. Mita ya 1000: gawa 3,600 kwa sekunde hizo, upate wati.
2. Mita ya 1600: gawa 2,250 kwa sekunde hizo.

Kompresa ikiwa inazunguka na kitaa kinamweka kila baada ya sekunde 30 kwenye mita ya 1000, chombo kinavuta wati 120. Hiyo bado ni kasi. Ili upate kiasi cha siku, andika uniti zilizobaki saa 12 jioni, acha friji peke yake ikiwezekana, au orodhesha kila kingine kilichowashwa, na usome tena kesho yake saa ile ile. Mita husoma hadi sehemu ya mia ya uniti, yaani wati-saa 10, kwa hiyo kwa siku nzima jibu ni la kuaminika. Mahali ambapo mita yenyewe iko juu ya nguzo na ndani una kibodi tu, njia hii ya pili ndiyo itakayokufaa.

Na bei ya uniti? Gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Ukilipa shilingi 1,000 ukapewa uniti 35, uniti moja imekugharimu shilingi 28.60 hivi, ushuru na makato yote yakiwemo. Usitegemee bei aliyokutajia jirani; makundi ya matumizi hutofautiana, na gharama ya mafuta hubadilika mwezi kwa mwezi.

Hatua ya pili: soma lebo ya betri kama mtu anayeshuku

Betri imeandikwa 12V 100Ah. Zidisha: wati-saa 1,200. Sasa tafuta herufi ndogo zenye C kando ya hiyo 100. C20 inamaanisha kiwandani waliimaliza polepole kwa saa 20, kwa ampea 5, mpaka volti 10.5. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha betri za asidi. C100 inamaanisha waliivuta kwa saa 100, ampea moja tu, na betri ikivutwa taratibu namna hiyo hutoa zaidi. Kwa hiyo 100Ah ya C100 ni ndogo kuliko 100Ah ya C20, na mara nyingi ndiyo inayouzwa rahisi. Ukiivuta betri ya asidi kwa nguvu, ile ya ampea-saa 100 ya C20 hutoa kama 80 hadi 85 ikimalizwa kwa saa 5, na karibu 55 hadi 60 ikimalizwa kwa saa moja. Zilizobaki hazijaibiwa; asidi haiwahi kupenya ndani ya bamba za risasi kwa kasi hiyo. Ukiipumzisha, sehemu hurudi. Lithiamu haina tabia hii kwa kiasi cha kukusumbua.

Kisha inyanyue. Risasi ni nzito na uzito wake hausemi uongo. Betri ya asidi ya 12V 100Ah iliyo ya kweli ina kilo 25 hadi 30. Ukiona imeandikwa 100Ah na unaibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu, irudishe. Lithiamu ya ukubwa huo, ile iliyoandikwa LiFePO4, ni kilo 10 hadi 13. Hapo wepesi ni halali.

Betri za tochi za duara, zile nene karibu kama kidole gumba, zinaongoza kwa uongo. Seli ya saizi hiyo, ambayo kwa kawaida huandikwa 18650, ikiwa nzuri hubeba kati ya miliampea-saa 2,500 na 3,500 na ina uzito wa gramu 45 hivi. Iliyoandikwa 9,900 ni maandishi tu. Pawabenki vile vile: ya 20,000 ya kweli ina gramu 350 au zaidi.

Jambo la mwisho kwenye lebo ni kazi iliyokusudiwa. Betri ya gari ina bamba nyingi nyembamba ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ndiyo maana namba yake kubwa ni ampea za kuwashia, na kwenye baadhi ya betri ampea-saa hazijaandikwa kabisa. Imalize usiku kucha mara kadhaa na bamba zitaanza kumomonyoka. Kwa nyumba au taa ya mashua tafuta betri ya bamba nene, iliyoandikwa kuwa ni ya sola.

Hatua ya tatu: toa kile usichoweza kukitumia

Kutoka kwenye wati-saa 1,200 za betri ya asidi, panga kutumia nusu. Ukiimaliza kila siku inakufa ndani ya mwaka au chini. Ukiishia nusu inadumu miaka. Inabaki 600. Ukipitishia kwenye inveta, toa kama asilimia 12 hadi 15 nyingine; inabaki kama 510. Hiyo ndiyo betri uliyoinunua, na wala fundi hajakudanganya. Lithiamu ya 12.8V 100Ah ni wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuidhuru, yaani zaidi ya 1,000. Ukigawa bei kwa wati-saa zinazotumika, badala ya kwa ampea-saa za lebo, tofauti ya bei kati ya hizo mbili hupungua ghafla.

Nusu utaijuaje? Kwa betri ya asidi, multimita (kipimia volti) ya bei rahisi inatosha, mradi betri ipumzike saa chache bila kuchajiwa wala kuvutwa:

12.7 V imejaa
12.4 V robo tatu
12.2 V nusu
12.0 V robo
11.8 V imekwisha

Ukipima wakati paneli inachaji utasoma 13 na kitu ujifurahishe bure. Ukipima taa zikiwaka utasoma chini ya ukweli. Kwa lithiamu jedwali hili halifai kabisa: husimama karibu 13.2 tangu ikiwa karibu imejaa mpaka inapokaribia kwisha, halafu huporomoka. Hiyo inataka kihesabu chenye shanti (kipande cha chuma ambacho ampea zote hupitia ili zipimwe), kinachojumlisha ampea zinazoingia na kutoka.

Mbili za 12V 100Ah ukiziunga kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata 24V 100Ah. Ukiziunga sambamba unapata 12V 200Ah. Wati-saa ni 2,400 kwa vyovyote vile. Usichanganye nzee na mpya: nzee ndiyo itakayoamua mwisho wa zote mbili. Kwenye sambamba, chukua chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, la sivyo ile ya karibu hufanya kazi yote na kuchakaa peke yake.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua nyumba ya Kiwayu au Ndau inayotegemea sola peke yake, vyombo vyote vya volti 12:

Balbu 5 za wati 7, saa 5: 175
Feni ya wati 20, saa 8: 160
Runinga ndogo ya wati 25, saa 4: 100
King'amuzi cha wati 12, saa 4: 48
Simu 3, kila moja 25 pamoja na kinachopotea kwenye chaja: 75

Jumla ni wati-saa 558. Weka kidogo cha kupotea kwenye waya, useme 600.

Betri ya asidi kwa usiku mmoja: 600 gawa kwa nusu ni 1,200, yaani ampea-saa 100. Lakini masika huleta siku za mawingu mfululizo, hasa mwezi wa 5, na nyumba ya kisiwani haina jirani wa kumwomba stima. Panga siku mbili: ampea-saa 200. Kwa lithiamu, siku mbili ni 1,200 gawa kwa 0.8, ambazo ni wati-saa 1,500, sawa na ampea-saa 117 za volti 12.8. Nunua 120.

Angalia kisichokuwepo kwenye orodha ile: inveta. Inveta ya wati 1,000 iliyowashwa bila kuunganishwa chochote huvuta wati 10 hadi 15 kujiendesha yenyewe. Kwa siku nzima ni wati-saa 240 hadi 360, nusu ya mahitaji ya nyumba hii, na hakuna hata balbu iliyowaka. Ikiwa inveta ni ya kuchajia kompyuta mpakato tu, izime ukimaliza, au tafuta chaja ya volti 12.

Paneli ya kujaza

Wati za paneli hupimwa kiwandani kwa jua kali na seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya mabati ya Lamu mchana seli hufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja hupunguza karibu asilimia 0.4. Ongeza chumvi ya bahari na vumbi, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri), na umeme unaopotea betri ikijazwa. Kwa betri ya asidi zidisha wati za paneli kwa 0.65, kwa lithiamu na kontrola nzuri, 0.75. Siku ya kawaida ya pwani hesabu ni saa 5 za jua kamili. Siku za mvua weka 3 na nusu.

600 gawa kwa 5 kisha kwa 0.65 ni wati 185. Kwa masika, 600 gawa kwa 3.5 kisha kwa 0.65 ni 264. Nunua 250 na ujizoeze kuzima feni mapema mwezi wa 5, au nunua 300 usijizoeze lolote.

Kuna kosa moja la paneli linalozaliwa moja kwa moja na kutojua vipimo. Kontrola rahisi ya PWM haibadilishi volti kuwa ampea. Inapitisha ampea zilezile za paneli na kuishusha volti iwe ya betri. Paneli ya wati 200 iliyotengenezewa betri ya volti 12 hufanya kazi kwa volti 18 na ampea 11; betri ikiwa volti 13, kinachoingia ni wati 143. Inavumilika. Sasa mtu ananunua paneli kubwa ya wati 400 ya volti 31, kwa sababu kwa kila wati ni rahisi zaidi, na anaifunga kwenye kontrola ileile. Ampea ni 13 tu. Mara volti 13, ni wati 169. Zaidi ya nusu ya paneli imebaki juu ya paa. Paneli za namna hiyo zinataka kontrola ya MPPT, inayobadilisha volti za ziada kuwa ampea, au betri ya volti 24.

Osha paneli kwa maji baridi asubuhi kabla haijapata moto. Maji ya bahari hapana.

Waya

Volti 12 haisamehe waya mwembamba. Pampu ya wati 120 huvuta ampea 10. Iweke mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba: umeme huenda na kurudi mita 20, ukinzani, yaani namna waya unavyouzuia umeme, ni omu 0.14, na mara ampea 10, volti 1.4 hupotelea njiani. Pampu inapata 10.6 badala ya 12, inazunguka kwa uvivu, na watu wanailaumu betri. Kwa waya wa milimita 4 hupotea 0.86. Mfumo ukiwa wa volti 24, kwa wati zile zile ampea ni 5, na kwenye waya wa 2.5 hupotea 0.7 tu kati ya 24. Joto linalopotea kwenye waya ni robo ya lile la mwanzo. Ndiyo sababu mafundi wazuri huhamia volti 24 mara mahitaji yakipita kama wati 1,000.

Upepo wa chumvi huweka unga wa kijani au mweupe kwenye vituo vya betri. Unga huo ni ukinzani. Omu 0.05 kwenye ampea 10 hula nusu volti nzima. Fungua, sugua kwa brashi ya waya, kaza, kisha paka grisi au vaselini juu, baada ya kukaza wala si kabla. Fyuzi ikae karibu kabisa na kituo cha chanya, maana betri ya ampea-saa 100 ikishotiwa inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000 na kuyeyusha spana.

Friza ya samaki

Hapa ndipo hesabu za kubahatisha huharibu pesa nyingi zaidi. Friza ya kulala ya lita 200 hivi, ikishapoa na isipofunguliwa ovyo, hutumia kama uniti moja hadi moja na robo kwa siku. Namba hiyo ni ya kutunza baridi tu. Kugandisha ni kazi nyingine. Kilo 20 za samaki wabichi kutoka nyuzi 28 hadi 18 chini ya sifuri zinahitaji kutolewa joto la wati-saa zaidi ya 2,000, na kompresa ya kawaida itatumia kama uniti moja na nusu kulitoa. Siku ya samaki wengi, basi, friza ile inataka uniti 2.7.

Kwa sola, gawa kwa 0.88 ya inveta: zaidi kidogo ya wati-saa 3,000. Paneli: wati 900 hivi. Betri ya lithiamu ya kubeba siku nzima ya namna hiyo ni wati-saa 3,850, mathalani 25.6V 150Ah, ya asidi ni zaidi ya 6,000. Kuna njia ya kupunguza: ingiza samaki asubuhi, kompresa ifanye kazi kubwa jua likiwa juu, umeme utoke kwenye paneli moja kwa moja bila kuguswa betri. Jaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji. Kila kilo ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto la wati-saa 93, kwa hiyo chupa kumi za lita moja zinakubebea karibu wati-saa 930 za baridi usiku, na hazina lebo ya kudanganya.

Inveta ya friza ichague kwa mshtuko wa kuwaka. Kompresa ya wati 120 huvuta mara tano hadi nane kwa nusu sekunde inapoanza. Inveta ya wati 500 huweza kukataa, ikajizima, ikajaribu tena, mpaka kompresa iungue.

Simu, pawabenki na ndege

Pawabenki ya 20,000 ni wati-saa 74 ndani, lakini kuipandisha volti 3.7 iwe 5 kuna gharama. Tafuta mstari mdogo wenye 5V: mara nyingi pameandikwa kama 12,000 mAh, yaani wati-saa 60. Simu ya 5,000 mAh ni wati-saa 19, na nayo hupoteza kidogo ikichajiwa. Utaijaza mara mbili na nusu au karibu tatu. Wanaotegemea nne wamegawa 20,000 kwa 5,000 bila kutazama volti.

Kwa abiria wa Manda au Malindi: mashirika ya ndege huruhusu pawabenki hadi wati-saa 100 kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo ya chini. Kati ya 100 na 160 inataka ruhusa ya shirika. Wati-saa 100 kwa volti 3.7 ni miliampea-saa 27,000. Iliyoandikwa 50,000 itakuletea maneno uwanjani hata kama ndani yake kuna 10,000 tu.

Joto, maji, na kuipima betri nzee

Kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya betri ya asidi kwa nusu. Chini ya mabati ni mahali pabaya. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya kale, chenye kuta nene, ni mahali pazuri, mradi pana tundu la hewa juu, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Chaji ya betri ya asidi iwe asilimia 10 hadi 20 ya ampea-saa: kwa 100Ah, ampea 10 hadi 20. Ongeza maji yaliyokenekwa tu. Maji ya visima vya Shela ni matamu kunywa lakini yana madini. Ya jabia huokota vitu vya darini. Yote mawili huua bamba polepole.

Kuipima ya asidi: ijaze, ipumzishe usiku kucha. Ikisoma 10.5 wakati imejaa, seli moja imekufa na hakuna cha kupima tena. Ikisoma 12.6 au zaidi, iunge na balbu ya gari ya wati 55, inayovuta kama ampea 4.5. Baada ya saa kadhaa zima, ngoja nusu saa, pima. Endelea hivyo mpaka isome 12.2 ikiwa imepumzika. Zidisha saa ilizowaka kwa 4.5, kisha mara 2. Ya ampea-saa 100 iliyo nzima hufika saa 11. Ikifika 12.2 baada ya saa 4, imebaki na ampea-saa 36. Chini ya asilimia 80 ya lebo huhesabiwa imezeeka, ingawa kwa taa tu unaweza kuivumilia mpaka nusu. Usisahau kuichaji mara moja baada ya jaribio. Ikikaa na chaji nusu kwa siku nyingi, salfeti hukomaa kwenye bamba.

Lithiamu ni rahisi zaidi kwa sababu ina kilinzi ndani kinachokata chenyewe. Ijaze, unga balbu ile ile ya wati 55, hesabu saa mpaka izime, uichaji papo hapo. Ya 12.8V 100Ah inatakiwa ifike karibu saa 23. Ikizima saa ya 12, ulinunua ampea-saa 50.